Suruali Kwenye Kulabu

Mpendwa Dada,

Pokea shikamoo nyingi, nzito kuliko mimi siku hizi. Hujambo huko jikoni hotelini? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila tangu madaktari wanipunguze tumbo, bakuli la uji linanishinda kama mtoto anayeota meno.

Ulisema niuonee fahari mwili mpya. Dada, nilipokuwa na kilo mia na sitini sikuwahi kumpiga mtu. Nilikuwa nasimama tu mlangoni pa bucha letu, ugomvi unajifia wenyewe. Sasa ngozi inaning'inia tumboni kama aproni ya pili, nami nimegombana na nusu ya mtaa. Muuza mkaa nilimpasua mdomo kwa kuniita Shati Tupu. Dereva wa mizigo alinivunja kidole. Nikamng'ata sikio hadi nikaonja damu. Mke wangu ananifunga bandeji huku akiniuliza huyo mwanamume ninayemtafuta amejificha mfuko gani.

Barua yako nimeipata. Unanishukuru kwa kumbeba mumeo mgongoni hadi hospitali, siku alipoteleza kwenye mafuta ya bucha akavunjika taya. Umeandika kwamba ndugu yako bado ni mwanamume. Nimeisoma mpaka imechanika mkunjoni.

Hakuteleza, Dada.

Asubuhi ile shemeji alitundika suruali yangu ya zamani kwenye kulabu, kati ya mapaja mawili ya mbuzi, akawatangazia wateja kwamba Tembo kachinjwa, imebaki ngozi, nani anataka kilo? Wakacheka. Nami nikacheka, unanijua. Kisha nikashika mguu wa ng'ombe nikampiga nao usoni. Meno mawili yakadondokea kwenye beseni la maini. Pigo hilo labda ungenisamehe. Lakini alikwisha kuanguka, akainua mkono, akaniita shemeji, nami nikampiga tena. Mara mbili. Nilijisikia mzito kama zamani, Dada. Nilijisikia vizuri.

Uongo wa kuteleza ni wake. Aliniandikia kwenye kikaratasi, taya limefungwa waya, kwamba hataki mkewe ajue kapigwa na mtu wa kilo sabini.

Kumbeba nilimbeba kweli. Damu yake ilinitiririkia shingoni njia nzima.

Barua yako nairudisha humu ndani ya bahasha. Neno lile, mwanamume, si langu. Ukija likizo, utaniambia mwenyewe la kuniita.

Wasalimie wenzako wa zamu.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Tembo