Kwa Mjomba Kibwana, Aliyenifundisha Kupanda Kamba

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono umezoea kuanza hivyo.

Umezikwa vizuri. Watu walijaa mpaka nikashangaa wametoka wapi, maana ulipokuwa hai hawakuja hata kuuliza kama umekula. Jirani yetu Mzee Songoro, aliyekuita Kobe tangu ulipoanguka mnazini na miguu ikafa, alilia kuliko mama yangu. Alilia huku akiangalia nani anamwona. Waliokuosha wakatoka wakinong'ona kwamba ulikuwa na mabega ya kijana. Ndiyo kwanza wakajua! Miaka minne tulifanya mazoezi pale uani, wao wakipita njiani na kucheka, "Viwete wanacheza bembea." Hakuna aliyejiuliza ni bembea gani inayochuna viganja.

Na kamba yetu waliikata, Mjomba. Walitaka kufungia mbuzi wa matanga. Kamba uliyoisokota mwenyewe kwa makumbi ya nazi! Nilipoiona shingoni mwa mbuzi nililia sana, na wapumbavu wale wakanipa pole ya msiba.

Nikasokota nyingine, mbaya, nikaitundika kwenye boriti ileile ya uani. Nikajaza mchanga mbichi kwenye kinu cha mama, nikawa nakinyanyua nimekaa chini kama ulivyonizoesha, asubuhi na jioni. Kisha juu kwa mikono mitupu, miguu yangu hii iliyopooza tangu utotoni ikining'inia tu, na kushuka polepole kuliko nilivyopanda. "Mimi sikuvunjika nikipanda," ulikuwa ukisema, "nilivunjika nikishuka kwa pupa." Nilikuwa nakereka nawe, sikufichi. Mikono inawaka moto, nawe umekaa chini unasema, "Taratibu, bado."

Siku ya michezo ya kila mwaka nikaenda bomani Kisarawe kama tulivyopanga. Ulitaka jina langu liandikwe kwenye daftari la washindani, hilo tu. Karani, yule mwenye kalamu mbili mfukoni na akili ya kuku kichwani, hakuinua hata uso. "Vilema wakae kivulini, watagawiwa sadaka." Nikamwambia nimekuja kupanda kamba. Akawaita wenzake waje wacheke naye. Bwana Shauri, mkuu wa boma, akasema niachwe nijaribu, watu wafurahi. Jina halikuandikwa.

Wazima wanane walitangulia. Aliyefika juu ni mmoja, kijana wa Kibaha anayepasua kokoto za barabara pale Maili Moja, naye alishuka kwa kuteleza, viganja vikachubuka vibaya. Nikafuata mimi. Niligusa boriti ya juu, nikashuka mkono kwa mkono mpaka nikakaa mchangani bila kutweta. Wakampa yule kijana jembe jipya la ushindi. Mimi nikatupiwa blanketi. "Masikini naye apate chochote," akasema karani.

Hasira niliyokuwa nayo, Mjomba! Nikaliuma lile blanketi kwa meno, nikapanda tena. Nikalifunga juu kwenye boriti kwa fundo la wakwezi wa minazi, nikashuka. "Mpe atakayelifikia," nikamwambia karani. Akamwamuru mshindi wake alifuate. Kijana alifika katikati, mikono ikamshinda. Wakapanda askari wawili wenye miguu mizuri sana, nao wakarudi chini wakijifanya wameitwa. Ikabidi ziletwe ngazi. Bwana Shauri aliyetaka kufurahi sikumwona akicheka.

Hata hivyo jina bado halikuandikwa. Karani alifunga daftari akaenda kunywa chai, kana kwamba macho yaliyoniona yalikuwa ya kuazima. Katika uwanja mzima ni yule kijana wa Kibaha peke yake aliyenijia, akachuchumaa ili tutazamane, akaniuliza, "Nani amekufundisha?" Nikalitaja jina lako. Sikumwambia, Mjomba, kwamba tumekuzika juzijuzi tu.

Buriani, mjomba wangu. Mungu akulaze pema, mbali na akina Songoro. Nami nakuahidi, mwakani karani yule atachovya kalamu yake na kuandika jina langu pamoja na la aliyenifundisha. Nitamtajia herufi moja moja, maana sina hakika kama anajua kuandika.

Mpwa wako,
Shomari