Kamba ya Kaka Imeanza Kuteleza

Mtoni, Temeke
14 Juni 2024

Mpendwa Bi. Najat,

Naomba msaada wako, maana hili siwezi kumuuliza mtu wa nyumbani. Kazi yangu ni kukwea miti na kupunguza matawi yanayoegemea mapaa, nilifundishwa na kaka yangu Adelard, ambaye alifariki mwezi wa pili kwa presha, na siku ya kuanua matanga wazee walipogawa vitu vyake mimi nikapewa kamba yake nyembamba, ile tunayoizungusha kwenye kamba kuu kufanya fundo linalosogea ukilisukuma kwa mkono na kubana ukiliachia uzito. Kaka akimaliza kulifunga alikuwa akilipapasa kwa kidole gumba, kisha anasema, "Haya, twende kwa ndege." Sasa kila Jumapili baada ya ibada mjane wake, shemeji Anastasia, huniuliza, "Shemeji, kamba ya mwenzio ipo kazini?" nami nikisema ipo, uso unamchangamka, siku hiyo anakula.

Wiki iliyopita fundo liliteleza, nikashuka kama hatua mbili kabla halijashika, na nilipoikagua kamba nikaona imekuwa ngumu na inang'aa pale inaposuguliwa. Nikanunua ya nailoni dukani, nene sawa na kamba kuu, hiyo haibani kabisa. Jana nilisimama chini ya mwarobaini wa Mzee Hamoud mpaka akaniuliza, "Eliaichi, unaupanda au unauposa?" Nikarudi nyumbani. Je, niongeze mizunguko niendelee na kamba ya kaka? Na nikiiacha, shemeji nitamwambia nini?

Nikumbuke katika dua zako.

Eliaichi

JIBU

Eliaichi, pole sana kwa msiba. Sasa nisikilize. Kaka yako alikuachia kazi, hakukuita umfuate. Kamba iliyong'aa hivyo imeungua kwa msuguano, na mizunguko haiwezi kuirudishia nguvu. Ungerithi viatu vyake vikatoboka, ungekanyagia misumari kwa heshima ya marehemu?

Nimemuuliza Marselino, anayepanda miti huku Ubungo miaka mingi. Hiyo ya dukani, anasema, kafungie mizigo. Kamba ya fundo iwe nyembamba kuliko kamba kuu, ikunjike kwa urahisi, iwe ya aina iliyotengenezwa kubeba mtu na isiyoyeyuka upesi kwa joto. Zungusha mara tatu, kaza, halafu ning'inia kwa uzito wako wote ukiwa kimo cha goti tu. Ikiteleza ongeza mzunguko, ujaribu tena hapo hapo chini. Ikizidi kuteleza, haikufai. Na juu, kabla hujagusa msumeno, jifunge kamba ya pili kwenye shina. Mzee Hamoud atasubiri.

Shemeji yako Jumapili hii usimdanganye. Anachotaka ni kusikia mumewe bado anatajwa. Mpelekee kamba yenyewe, mwonyeshe ilipoungua, mweleze ulivyoteleza. Kisha ikateni vipande, nyie wawili, asije mtu akaiokota akapandia. Akilia, usikimbilie kuaga.