Maiki Moja, Midomo Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Chumba tayari. Kilikuwa stoo, sasa ni studio — magodoro mawili ya zamani ukutani, blanketi zito mlangoni, kompyuta niliyoifufua mwenyewe. Imebaki maiki tu. Muuzaji wa vifaa vya muziki amenipa njia mbili, bei ileile. Ama nichukue moja nyeti, inayodaka mpaka pumzi ya mtu. Ama mbili za kawaida, ngumu, zinazosikia kilicho mbele ya pua zao basi. Yeye anasema kwa watu wawili wanaoimba pamoja nichukue ile moja. Wasimame uso kwa uso, sauti zitachanganyika zenyewe.

Uso kwa uso. Nikamwambia nitafikiria.

Waimbaji ni mke wangu na Kinyozi. Redio inatafuta wimbo wa kufungulia kipindi cha asubuhi, mwisho wa kupokea ni tarehe kumi na saba. Mke wangu ametunga wake. Miaka kumi na miwili anaimba jikoni, na miaka kumi na miwili namwambia ngoja nikujengee studio. Sasa nimejenga, naye kaja na mwanamume.

Lakini haki yake. Wimbo una sauti mbili, na mimi nikiimba mbwa wa jirani huitikia. Tena ni mimi niliyewakutanisha! Kinyozi amenyoa kichwa changu miaka sita, akiimba huku wembe uko shingoni mwangu. Nami kwa mdomo wangu mrefu nikaja kumsifia nyumbani: mke wangu, kuna mtu ana sauti.

Jumanne, 4 Machi

Muuzaji kaniazima ile nyeti kwa siku moja. Tumejaribu. Kutoka mdomo wa mke wangu hadi kwenye maiki, shubiri moja. Kutoka kwenye maiki hadi mdomo wa Kinyozi, shubiri moja. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Ili pumzi zao zisipige maiki moja kwa moja, nilitandaza stokingi ya mke wangu kwenye kitanzi cha waya, nikaiweka mbele. Ufundi huo. Kisha nikaona Kinyozi anaiimbia stokingi ya mke wangu, macho kayafumba. Nimejipalia makaa.

Sauti ilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Kwenye hedifoni nilisikia kila kitu, hata walivyomeza mate. Na baada ya wimbo, mke wangu alipokuwa anataka kuniomba turudie, nikaisikia ile pumzi yake. Naijua. Akiimba huvuta kwa mdomo kama waimbaji wote. Hii huivuta puani, fupi, akiwa na jambo la kusema. Aliivuta siku aliponiambia ana mimba ya kwanza. Aliivuta siku aliponiambia ameacha kazi bila kuniuliza. Ikija hiyo, jambo linafuata.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua mbili.

Mke wangu akauliza, lakini si uliisikia mwenyewe ile moja? Nikamwambia nyumba ina kelele — friji, bomba, watoto wa jirani — ile nyeti itadaka yote. Uongo wenye elimu. Friji huwa naizima kila tunaporekodi.

Muuzaji hakubishana. Alizifunga kwenye boksi, akatabasamu kidogo. Sijui alitabasamia nini.

Kinyozi nimemtengenezea kitanzi chake. Soksi yangu ya kazini. Nimeifua. Mara moja.

Jumamosi, 8 Machi

Kila mtu kona yake, hatua nne katikati. Nikakaa kwenye kompyuta nimeridhika. Dakika mbili tu.

Kumbe wakiwa mbalimbali, ili waingie pamoja lazima watazamane. Kwenye maiki moja walifumba macho! Sasa wanakodoleana mwanzo mpaka mwisho, mke wangu ananyanyua nyusi, Kinyozi anaitikia kwa kichwa. Mchimba kisima ndiye mimi, na kisima chenyewe ndicho hiki.

Nikatundika shuka katikati. Nikasema ni kwa ajili ya mwangwi. Basi, kila mtu akapotea njia yake. Kinyozi anachelewa, mke wangu anamngojea, kibwagizo kinaanguka. Mara ya sita mke wangu akatoka nyuma ya shuka.

"Wewe unaturekodi au unatuchunga?"

Kinyozi akakohoa. "Shemeji, fundi ana utaalamu wake, tumwachie."

Ananitetea kwa mke wangu, ndani ya nyumba yangu. Nani kamtuma?

Jumapili, 9 Machi

Nywele zimeota. Siendi. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake — lakini za kwangu mkasi anao yeye.

Jumatano, 12 Machi

Leo tumesikiliza tulichorekodi. Kila sauti iko safi peke yake. Zikiwa pamoja ni kama watu wawili wanaosubiri huduma kwenye foleni moja. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akaikunja waya vizuri, akaondoka. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jioni jikoni kimya. Sufuria tu. Nilisimama ukumbini nikingoja aanze, hata mstari mmoja. Hakuanza. Miaka kumi na miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Nina wivu. Nina roho ya kwa nini. Basi, nimeandika. Kesho narudisha hizo mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapahapa studioni, hedifoni masikioni. Wanadhani naandika namba za marudio. Muuzaji alikubali kubadilisha, akanipa ile moja nyeti. Friji nimezima. Shuka nimeshusha. Stokingi nimeirudisha mahali pake.

Mara ya kwanza: Kinyozi aligusa stendi. Imeharibika.

Mara ya pili: kabla ya kuanza Kinyozi alisema, "Anza wewe." Siku zote husema, anza shemeji. Leo wewe. Huenda kachoka. Huenda hakuna kitu. Mara ya pili nayo imeharibika, nilisahau kubonyeza.

Mara ya tatu ndiyo hii. Wamefumba macho. Shubiri moja, shubiri moja. Sauti zimeshikana, hata mimi fundi sijui ya mke wangu inaishia wapi. Huu wimbo redio wataupenda. Ni mzuri na mimi sitaki uwe mzuri, na ni mzuri.

Ubeti wa mwisho. Kibwagizo. Wamemaliza.

Sheria yangu ya studio wanaijua: wimbo ukiisha mtu asisogee, asiseme neno, mpaka niinue mkono. Wametulia. Masikioni hakuna kitu. Halafu — ile pumzi. Puani. Fupi.

Hakuna ubeti uliobaki.

Amefumbua macho. Kinyozi anatazama chini, viatu vyake. Mke wangu anatazama mkono wangu, anangoja niuinue. Wa kulia unaandika. Wa kushoto nimeukalia.