Kwa Nini Sitamrudisha Eveline

Igowole, Mufindi

Mdogo wangu Bartholomeo,

Neema ya Bwana ikukute salama hapo Mbalizi. Huku ukungu haujainuka tangu Jumapili. Mashamba ya chai yanaonekana kama yanaelea, na watu hupita humo kama waliokwisha kututangulia.

Nimepokea ujumbe wako kwamba nimrudishe binti yako Eveline kwa mumewe.

Jumanne tuliketi kanisani na afisa ustawi wa jamii, kuzichunguza siku za mwisho za marehemu Damari, aliyeuawa na mumewe, ili mwingine asipotee vivyo hivyo. Kila mtu alieleza alivyomwona. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Alikuja kwangu akiwa amevimba jicho. Nilimwombea, kisha nikamsindikiza mpaka kwake."

"Ukamkabidhi kwa nani, mzee?" akauliza afisa.

"Kwa mumewe. Alinishukuru sana."

Mama yake Damari akasema taratibu, "Usijitwike peke yako, baba. Kwangu alikuja mara mbili, nikamwambia ndoa ni uvumilivu."

Tangu hapo ninamwona Damari akitembea mbele yangu katika ukungu, hageuki, nami ningali ninamsindikiza.

Eveline yuko hapa jikoni, anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Mumewe akija na wazee, nitawapa viti na chai, lakini hawataondoka naye. Ukiona nimekuvunjia heshima, unikasirikie, ndugu yangu. Heri hasira yako kuliko msiba wako.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
Sosthenes