Paja la Wymond

Jumatatu, 9 Agosti 1277
Kambini, Wales. Mvua. Fundi wetu wa magurudumu, Wymond, kaja vitani na paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Shamba lao wamelipata kwa sharti hilo tangu babu yake: mfalme akiita watu vitani, anakuja na paja lake. Likiisha kuliwa, ruksa kurudi nyumbani.

Basi anakula! Mkewe ana mimba pevu. “Padri, nisaidie,” kaniambia huku anatafuna. Nikamsaidia kidogo. Tamu.

Jumatano, 11 Agosti
Bwana Fulk, mkuu wetu, kaliona paja limebaki nusu, kapandwa na hasira. Wymond akiondoka, nani atengeneze mikokoteni? Na bila mikokoteni unga utatokaje pwani?

Kalifungia paja sandukuni, hemani kwangu. Ufunguo kanipa mimi, mtu wa Mungu. Wymond atapewa kipande kila Jumapili.

“Bwana mkubwa, huo ni wizi!”

“Wizi gani? Nyama yako si hiyo hapo?”

Watu wakacheka. Wymond hakucheka.

Jumatatu, 16 Agosti
Meli za unga hazijaja — upepo mbaya, wanasema. Wapiga mishale wanachemsha shayiri ya farasi. Wakipita hemani kwangu wananusa.

Mchunga ng'ombe kaleta habari toka kwao Wymond: uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya. Wymond kanipigia magoti. Nilitupe paja mtoni, basi! Nikamwambia sharti ni liliwe, si litupwe. Akalia. Nilimhurumia, kweli. Ufunguo sikutoa.

Alhamisi, 19 Agosti
Shayiri imeisha.

Ijumaa, 20 Agosti
Asubuhi nimewahubiria askari: leo Ijumaa, nyama ni mwiko, njaa isiwe kisingizio. Wameitikia amina, kwa shida.

Nimefungua sanduku kuangalia kama nyama imeoza. Haijaoza. Nimeonja ukingoni tu. Kisha kipande. Kisha — aa, Mungu anisamehe, kalamu inateleza kwa mafuta.

Wymond kaingia bila hodi. Kanikuta nalo mkononi. Nilidhani atapiga kelele.

“Padri, leo Ijumaa.”

“Najua. Keti ule.”

Kaketi. Tunakula. Yeye analia na kutafuna. Mfupa umeshaonekana upande mmoja. Bwana Fulk yuko nje, anasema meli zimeonekana, anamtaka Wymond kwenye mikokoteni sasa hivi. Wymond ananiangalia. Nimemkatia kipande kikubwa zaidi.