Ukurasa wa Kumi wa Kijitabu cha Melbridge

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Mdogo wangu Rugamba alifariki jana huko Melbridge, Uingereza. Moyo. Binti yake, Umutoni, alinipigia simu tukitoka kanisani. Waombolezaji wameanza kujaa hapa kwetu ugenini, Newburg, ng'ambo ya bahari. Sina hati ya kusafiria. Nitamlilia nikiwa mbali.

Jumanne, 11 Novemba
Pigo la pili. Rugamba ameacha barua—achomwe! Asizikwe! Sababu yake naijua. Kule milimani tulikozaliwa, wenye silaha walilifukua kaburi la baba yetu, wakaitawanya mifupa. Ameandika kwamba hataki kulala mahali patakapofukuliwa. Umutoni hatafanya lolote bila neno langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Jibu latakiwa Alhamisi.

Jirani yetu Mama Nyirabeza akauliza mbele ya watu wote: "Kumuchoma? Kwani ni ng'ombe ya ugonjwa?" Hakuna aliyecheka.

Mwanangu Muhoza, alipotoka kazini Jeffersontown: "Papa, bon, sawa, ni mwili yake. Umuache." Mwili yake! Leo sikumsahihisha.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekipata kijitabu cha watalii alichonitumia Rugamba miaka mitatu iliyopita, ili niuone mji wake. Sikuwahi kukifungua. Aibu. Soko la kila Jumatano tangu mwaka 1261. Msalaba wa mawe sokoni. Mnada wa ng'ombe, sasa umefungwa. Daraja la kale. Kisha ukurasa wa tisa: kanisani wamezikwa askari mmoja wa mfalme na mke wa askari huyo tangu 1392. Zaidi ya miaka mia sita! Hakuna aliyewagusa, wageni huja kutazama tu. Nimepata jibu. Huko wafu hawasumbuliwi.

Alhamisi, 13 Novemba
Umutoni amepiga saa nne asubuhi. Nimevaa koti la heshima ili kupokea simu yake. Nimemsomea ukurasa wa tisa wote. Akalia.

"Donc, yaani azikwe, Baba mkubwa?"

Ngoja, nikasema, kuna zaidi. Nikafunua.

Ukurasa wa kumi: bustani ya kanisa, mahali pazuri pa kupumzikia. Zamani palikuwa makaburi. Mwaka 1964 mawe ya makaburi yalipangwa ukutani, na mifupa ikahamishwa kupisha maegesho ya magari ya soko.

Chini ya maneno hayo Rugamba amepiga mstari kwa kalamu. Mara mbili.

"Baba mkubwa? Uko? Soma, niko nasikia."

Bado yuko kwenye simu ninapoandika haya. Nimemwambia ninatafuta miwani. Nimeivaa.