Sukari ya Mama Haikuwa na Makosa

Dagoretti Corner,
Nairobi.
9 Septemba 2025

Mpendwa kaka Muasya,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kazi inaendeleaje, na joto la Doha je? Sisi huku tu wazima, na leo naweza kuandika hivyo bila kudanganya. Mama yuko nyumbani na figo zake zimepona. Nimelia, nimecheka, kisha nikalala saa kumi mfululizo.

Nimempa Makau, anayesafiri kuja huko, akuletee barua hii kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami nina jambo la kukiri.

Unakumbuka Julai, Mama alipougua njia ya mkojo mara ya tatu, kliniki wakaniambia bakteria wake hujishikiza kwenye sukari. Nilikupigia mbio mbio, nawe ukatoa amri kama chifu: sukari marufuku. Nikatii. Nilificha mkebe juu ya kabati, nikampikia chai isiyo na sukari wiki tano nzima. Alipolalamika nikamwita mkaidi.

Mwishoni mwa Agosti homa ikapanda, mgongo ukamuuma, akaanza kuniita kwa jina la marehemu shangazi. Tukamkimbiza hospitali kule Parklands. Wakasema maambukizi yamefika kwenye figo.

Daktari Nyakio alimuuliza anakunywa vikombe vingapi kwa siku.

"Moja," Mama akajibu. "Hiyo ingine ya Kasiva nilikuwa namwagia maua. Haina sukari, nikunywe ya nini?"

Na maji unajua hajawahi kuyapenda.

Kumbe sukari yenyewe si ya chai, kaka! Wadudu hao wana vijinywele, na kwenye ncha ya kila kimoja kuna kipande cha protini kinachonasa aina fulani ya sukari iliyo kwenye ukuta wa ndani wa kibofu. Kila mtu anayo, hata wewe. Mkojo ukikivuta ndipo kinazidi kubana, kwa hiyo dawa ni lazima. Lakini kunywa kwa wingi huwasomba wale ambao hawajashika. Sisi tulimnyima Mama kinywaji chake pekee, wadudu wakapata nafasi ya kupanda. Kisukari hana, walimpima mara mbili.

Nilimwomba msamaha pale kitandani. Akanitazama, akasema, "Na huyo wa Doha pia aombe." Jiandae basi, sitalibeba hili peke yangu.

Ndunge na watoto wanakusalimu sana, na mjomba Kivuva pia. Nisalimie wenzako mnaokaa pamoja. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe salama.

Ile likizo ya dharura uliyoomba, mwambie bosi umeifuta. Nilijua ulikuwa unajiandaa kuja kuzika, ingawa hakuna kati yetu aliyethubutu kulitamka. Njoo Desemba, ukemewe na mama aliye hai.

Ni mimi dadako anayekupenda,
Kasiva